Leza kwa Vishipa Vilivyotanuka na Wekundu wa Uso: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaoulizia leza ya uso huanza na mashine: ipi ni bora, ipi ni mpya, ipi haiumi. Swali hilo linapaswa kuja la tatu. La kwanza ni wekundu huo umetoka wapi, na la pili ni ngozi yako ina rangi gani. Ukiwa na majibu ya hayo mawili, mashine zinazokufaa hubaki moja au mbili tu. Usipokuwa nayo, unaweza kumaliza awamu nne ukaondoka na madoa mahali palipokuwa na wekundu.

Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio huo. Mbili za kwanza hufanyika kabla hujamwona mtu yeyote mwenye leza mkononi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni vishipa

Vishipa vinavyozungumziwa hapa ni vile vyembamba, vyekundu, vya zambarau au vya buluu, vinavyochorekea kwenye mbawa za pua, mashavuni na kidevuni. Upana wake huwa kati ya milimita 0.1 na 1. Wengi husema vimepasuka, ila kwa kweli vimelegea kuta, vikatanuka, na havinywei tena. Damu ingali inapita ndani yake. Ndiyo maana krimu haziwezi kuvifuta, na ndiyo maana leza inaviweza, kwa kuwa inaitumia hiyohiyo damu iliyomo kama shabaha.

Kuna jaribio la nyumbani ambalo ni rahisi na linasaidia kweli. Chukua kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, au glasi safi yenye kitako bapa, ubonyeze polepole juu ya wekundu huku ukijitazama kwenye kioo. Wekundu ukipotea na kurudi mara unapoachia, ni damu iliyo ndani ya vishipa. Doa lisilofifia kabisa laweza kuwa damu iliyovilia nje ya mshipa, au rangi ya ngozi iliyojikusanya baada ya chunusi au kuungua. Leza ya vishipa haina kazi kwa hayo.

Kisha angalia umbo. Nyuzi mojamoja unazoweza kuzihesabu hutibiwa tofauti na wekundu uliotandaa shavu zima bila mpaka. Kuna pia kile chenye nukta katikati na vijimiguu vinavyosambaa pande zote mithili ya buibui. Kimoja au viwili vya namna hiyo kwa mtoto au mama mjamzito kwa kawaida havina tatizo, na vya ujauzito mara nyingi huondoka vyenyewe baada ya kujifungua. Vikizuka vingi kwa mkupuo usoni na kifuani kwa mtu mzima, ini ndilo linalopaswa kuchunguzwa kwanza, uso utasubiri.

Sababu za kawaida ni chache: jua la miaka mingi, kurithi, rosasea (ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu unaoleta wekundu, vipele na hisia ya kuwaka usoni), krimu zenye steroidi, na ngozi iliyowahi kupigwa mionzi ya tiba. Lakini yapo mambo manne ambayo yakionekana, usiende kwenye leza kabla ya kumwona daktari wa ngozi:

- Kivimbe kimoja king'aavu chenye vishipa juu yake, kinachotoka damu au kutopona kwa wiki kadhaa. Saratani ya ngozi inaweza kuanza hivyo. Kukipiga leza ni kuificha tu. Kinahitaji kukatwa kipande na kupimwa.
- Madoa bapa mekundu usoni, midomoni na viganjani, pamoja na vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi au ngozi inayokakamaa. Hizo zaweza kuwa dalili za skleroderma, ugonjwa wa kinga ya mwili unaokakamaza ngozi.
- Wekundu wa mashavu unaozidi juani, pamoja na maumivu ya viungo, vidonda vya mdomoni au uchovu usioeleweka. Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, huja kwa sura hiyo.
- Nukta nyekundu midomoni, kwenye ulimi na ncha za vidole, kwa mtu anayetokwa damu puani mara kwa mara na ambaye ndugu zake nao hutokwa. Upo ugonjwa wa kurithi wa mishipa unaofanya hivyo, na huweza kugusa mapafu, ini na ubongo.

Msomaji mwenye ngozi nyeusi anahitaji neno la ziada hapa. Wekundu kwako hauonekani kama wekundu. Huonekana kama weusi wenye uzambarau, au hudhurungi iliyokolea kuliko sehemu nyingine za uso, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Kinachousema zaidi ni hisia: uso kupata joto ghafla, kuchoma unapopaka sabuni au krimu ya kawaida, vipele visivyo na vichwa vyeusi, macho kukauka na kuwasha. Kwa sababu picha nyingi za mafunzo ya udaktari zimekuwa za watu weupe, rosasea kwa weusi huchelewa kutambuliwa na mara nyingi hutibiwa miaka kama chunusi.

Hatua ya 2: Zima kinachochochea wekundu kabla ya kuunguza vishipa

Leza hufunga vishipa vilivyopo. Haizuii vipya kutanuka, na haiondoi vipele vya rosasea. Ukiipiga ngozi ambayo bado inawaka, itavimba zaidi, itauma zaidi, na matokeo hayatadumu.

Kama ni rosasea, kwa kawaida daktari huanza na dawa kwa wiki kadhaa: krimu ya ivamektini asilimia 1, metronidazoli asilimia 0.75, asidi ya azeleki asilimia 15, au vidonge vya doksisaiklini kwa kiwango kidogo. Zipo pia dawa za kupaka zinazobana vishipa kwa saa kadhaa, yaani brimonidini na oksimetazolini. Zinafaa kwa siku ya sherehe, lakini kwa baadhi ya watu wekundu hurudi mkali zaidi dawa inapoisha nguvu. Siku ya leza usizipake: kishipa kilichobanwa hakina damu ya kutosha kulengwa.

Steroidi ni habari nyingine, na ndiyo ninayoiona ikipuuzwa zaidi. Betamethasoni na klobetasoli zikipakwa usoni kwa miezi huinyong'onyeza ngozi na kutanua vishipa. Wengine huzipaka wakijua. Wengine huzipaka bila kujua, kwa sababu zimo ndani ya krimu za kujichubua zisizoandika kilichomo. Ukiacha ghafla baada ya muda mrefu, uso huwaka kwa wiki kadhaa, na mtu hurudi kwenye kopo akidhani ngozi yake inalihitaji. Achia chini ya uangalizi wa daktari, na leza ingoje mpaka ngozi itulie. Ukienda kliniki ukaficha kwamba ulitumia krimu hiyo, unamfanya mtaalamu apige ngozi iliyo nyembamba kuliko anavyofikiri.

Katika muda huohuo, punguza vichochezi. Vikali zaidi kwa watu wengi ni jua, joto la ghafla, pombe, pilipili na vinywaji vya moto sana. Kila mtu ana vyake, kwa hiyo andika siku uso unapowaka na ulichofanya saa chache kabla. Baada ya wiki tatu au nne utakuwa umewajua maadui wako.

Hatua ya 3: Elewa mashine inafanya nini

Mwaka 1983, madaktari R. Rox Anderson na John Parrish wa Marekani walieleza kanuni ambayo leza zote za vishipa zinaifuata hadi leo. Ukichagua vizuri rangi ya nuru, muda wa mpigo na nguvu yake, unaweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kuwaacha majirani zake salama. Kabla ya hapo, leza za agoni zilimwaga joto bila kubagua, na makovu yalikuwa mengi. Hofu ambayo baadhi ya wazee wanayo kuhusu leza ina historia ya kweli nyuma yake.

Kitu kinacholengwa ni himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake. Hunyonya nuru kwa nguvu karibu na nanomita 418, 542 na 577 (nanomita hupima urefu wa wimbi la nuru, yaani rangi yake). Ile ya 418 haifiki kina cha kutosha, kwa hiyo mashine hutumia mbili zilizobaki au majirani zake. Damu hunyonya nuru, hupata joto, joto huunguza ukuta wa kishipa kwa ndani, kishipa hujifunga, na mwili hukifyonza kidogokidogo kwa wiki zinazofuata. Muda wa mpigo nao una maana yake: kishipa chembamba hupoa haraka, kwa hiyo hutaka mpigo mfupi, kinene hutaka mrefu zaidi ili joto lienee ndani yake bila kukipasua.

Mashine utakazokutana nazo ni nne.

*PDL*, leza ya rangi ya mapigo, nanomita 585 hadi 595. Ndiyo yenye historia ndefu zaidi kwa wekundu wa uso, na nguvu yake ni wekundu uliotandaa pamoja na nyuzi nyembamba. Ikipigwa kwa mpigo mfupi huacha uvilio wa damu wa rangi ya zambarau unaokaa siku 7 hadi 14. Ikipigwa kwa mpigo mrefu, uvilio hupungua au hukosekana, lakini huenda ukahitaji awamu nyingi zaidi. Hilo ni la kukubaliana na daktari mapema: wengine wako tayari kujifungia ndani wiki mbili ili wamalize upesi, wengine kazi zao haziruhusu.

*KTP*, nanomita 532. Hodari kwa nyuzi mojamoja, hasa za pua, na aghalabu haiachi uvilio. Tatizo lake ni kwamba melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, huinyonya sana, hivyo ni ya ngozi nyeupe.

*Nd:YAG ya mpigo mrefu*, nanomita 1064. Huingia ndani zaidi, hufikia vishipa vinene vya buluu, na hupita kwenye melanini bila kushikwa sana. Nitairudia katika hatua inayofuata.

*IPL*. Hii si leza, ni taa kali yenye rangi nyingi kwa pamoja, takribani nanomita 500 hadi 1200, inayopunguzwa kwa vichujio. Inafaa kwa wekundu uliotandaa wa ngozi nyeupe iliyochoshwa na jua, na hufifisha pia madoa ya jua. Kwa kuwa kichwa chake ni cha mstatili, mtumiaji mzembe huacha mistari: vipande vilivyotibiwa na visivyotibiwa vikipakana usoni. Ni mashine iliyoenea sana, na huko kuenea ndiko kunakoifanya iangukie mikononi mwa watu wasio na mafunzo.

Hatua ya 4: Pima rangi ya ngozi yako kwa ukweli

Hapa ndipo madhara mengi yanapotokea.

Melanini iko juu ya vishipa. Nuru yoyote lazima ipite kwake kwanza. Kadiri ngozi ilivyo nyeusi, ndivyo melanini inavyonyonya sehemu kubwa ya nuru kabla haijafika kwenye damu, na joto hubaki juu. Matokeo yake ni malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa miezi, au mabaka meupe ambayo ni magumu zaidi kurekebisha.

Madaktari hugawa ngozi katika aina sita, kwa mpangilio ulioanzishwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975 na kupanuliwa baadaye, kuanzia I, ngozi inayoungua daima na kutokolea kamwe, hadi VI, nyeusi sana isiyoungua kwa urahisi. Kwa I hadi III karibu mashine zote ziko wazi. Kwa IV, tahadhari inaanza. Kwa V na VI, KTP na IPL ni bora ziachwe, na kinachobaki ni Nd:YAG, au PDL kwa mpigo mrefu na nguvu ndogo mikononi mwa mtu aliyewahi kutibu ngozi kama yako mara nyingi. Na ngozi nyeupe iliyokolezwa na jua ihesabiwe kuwa nyeusi kuliko ilivyozaliwa.

Utasikia ikisemwa kwamba Nd:YAG ni salama kwa weusi, basi. Kauli hiyo ni nusu. Ni kweli melanini huinyonya kidogo. Lakini himoglobini nayo huinyonya kidogo, kwa hiyo lazima itumike nguvu kubwa kukifunga kishipa. Kati ya nguvu inayofanya kazi na nguvu inayounguza mpaka kovu, nafasi ni ndogo. Mapigo mawili yakirundikana mahali pamoja kwenye bawa la pua, huweza kuacha shimo. Mashine hii husamehe rangi ya ngozi, lakini haimsamehi mwendeshaji asiyeijua.

Kwa sababu hiyo, kwa ngozi ya IV kwenda juu, pigo la majaribio ni la lazima. Hupigwa sehemu ndogo karibu na sikio au chini ya taya, kisha unangoja. Wiki moja haitoshi, kwa kuwa weusi unaofuata jeraha la joto huchelewa kujitokeza. Wiki nne ndiyo kima cha chini, na nane ni bora. Kliniki ikikuambia haina haja, inuka uondoke. Katika mwongozo huu wote hakuna ushauri ninaousimamia kwa nguvu kuliko huo.

Hatua ya 5: Chagua mikono kabla ya mashine

Mtafute daktari wa ngozi, au mhudumu aliyefunzwa anayefanya kazi chini ya daktari aliyepo jengoni, si anayepatikana kwa simu. Kisha uliza maswali haya, na usikilize namna yanavyojibiwa kuliko maneno yenyewe:

- Umeona nini usoni kwangu, na chanzo chake unadhani ni nini?
- Utatumia mashine gani, urefu gani wa wimbi, na kwa nini hiyo?
- Umetibu ngozi ya rangi yangu mara ngapi? Naweza kuona picha za kabla na baada za wagonjwa wako mwenyewe?
- Ngozi italindwaje na joto wakati wa kupigwa?
- Nikipata malengelenge Jumapili usiku, nampigia nani?

Anayeahidi kwamba vishipa vyote vitaondoka kwa awamu moja na havitarudi, hajui au hasemi kweli. Kliniki yenye mashine moja tu nayo ina kishawishi cha kuona kila uso unaifaa mashine hiyo.

Hatua ya 6: Maandalizi

Anza wiki nne kabla. Jikinge na jua kila siku kwa kofia na losheni ya kinga ya SPF 30 au zaidi inayozuia UVA na UVB. Kwa ngozi nyeusi chagua yenye rangi, yaani ile iliyochanganywa oksidi za chuma, kwa sababu nuru ya kawaida inayoonekana nayo huchochea madoa na losheni nyeupe haiizuii vya kutosha. Ukifika siku ya miadi ukiwa umekolea kwa jua, ahirisha. Rangi za kupaka za kujikolezea ngozi zimalizike kabisa kutoka usoni kabla.

Wiki moja kabla, acha retinoidi (dawa za kupaka za jamii ya vitamini A), asidi za kuchubua na visugulio vya uso.

Orodhesha dawa zako zote na uzitaje, pamoja na za mitishamba. Dawa za kuzuia damu kuganda zitaongeza uvilio, lakini usizikatize kwa uamuzi wako. Hatari ya kuziacha ni kubwa kuliko ya alama za zambarau. Taja isotretinoini (dawa ya kumeza ya chunusi kali) hata kama uliimaliza miezi iliyopita, na dawa zinazofanya ngozi ichukie nuru. Kama huwa unatokwa na malengelenge ya hapesi mdomoni, sema, maana joto la leza huweza kuyaamsha na upo uwezekano wa kupewa vidonge vya kinga kuanzia kabla ya siku hiyo. Taja makovu yanayovimba, yaani kiloidi. Mjamzito hana haraka. Vishipa vingi vya ujauzito hupungua vyenyewe, na tiba hii ya urembo inaweza kungoja.

Wenye ndevu wasikilize hapa, kwa sababu mara nyingi hawaambiwi: IPL na Nd:YAG huua pia mizizi ya nywele. Vishipa vya shavuni vikiondoka na pengo kwenye ndevu likabaki, hakuna wa kumlaumu ila aliyesahau kuuliza. Halikadhalika wino wa nyusi au midomo uliochorwa kwa sindano: usipigwe juu yake.

Piga picha tatu, mbele na pande mbili, mahali pamoja, dirisha lilelile, saa ileile, bila kichujio cha simu. Kumbukumbu ya uso wako mwenyewe haiaminiki hata kidogo. Baada ya miezi mitatu utaapa hakuna kilichobadilika.

Mwisho, hesabu kalenda. Usiweke awamu ndani ya wiki tatu kabla ya harusi, usaili au safari ya jua kali.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika uso ukiwa safi, bila vipodozi, bila mafuta. Kazi yenyewe huchukua kati ya dakika 10 na 30.

Kuhusu ganzi, usijipake krimu yoyote kabla hujaambiwa. Baadhi ya krimu za ganzi hubana vishipa au hupausha ngozi, na mlengaji hubaki haoni anachokitafuta. Ndiyo maana madaktari wengi hutegemea ubaridi tu. Maumivu ni mafupi, kama kuchapwa na mpira wa kufungia noti, na joto la kuchoma baada yake. Pembeni mwa pua na juu ya mdomo huuma zaidi. Machozi hutoka hata kwa mtu jasiri, maana ni itikio la mwili tu.

Utavalishwa kinga ya macho. Lazima iwe ya urefu wa wimbi unaotumika, na kila aliye chumbani avae yake. Nuru ya 1064 haionekani kwa macho, hivyo hutaikwepa kwa kupepesa. Ikiwa vishipa viko kwenye kope au ndani ya mfupa wa tundu la jicho, miwani ya nje haitoshi. Huhitajika vikinga vya chuma vinavyowekwa juu ya jicho baada ya matone ya ganzi. Asiyekuwa navyo asiguse eneo hilo.

Ubaridi huja kwa njia tofauti: hewa baridi inayopulizwa, kioo cha baridi kinachogusa ngozi, au dawa ya kupuliza inayotangulia mpigo kwa sehemu ya sekunde. Uwepo wake ndio jambo muhimu. Ukihisi ghafla mpigo mmoja umechoma tofauti kabisa na uliotangulia, sema papo hapo, usivumilie. Huenda ubaridi umekatika.

Mtaalamu mzuri hupiga, husimama, hutazama. Anachotafuta ni kishipa kutoweka mbele ya macho yake, au kugeuka kiza kwa muda. Ngozi inayogeuka kijivu au nyeupe ni onyo la kuzidisha, na nguvu lazima ipunguzwe mara moja.

Hatua ya 8: Siku kumi za mwanzo

Saa za kwanza uso utakuwa mwekundu na moto. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi, au barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, dakika 10 kwa wakati. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Usiku lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili, kwa kuwa uvimbe hushukia chini ya macho na asubuhi yake unaweza kuamka umevimba kuliko ulivyolala. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja hadi tatu.

Kwa siku mbili acha sauna, maji ya moto usoni, mazoezi ya kutoa jasho, pombe. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, paka mafuta mepesi yasiyo na manukato, na kinga ya jua kila asubuhi hata kama kuna mawingu. Vipodozi vinaruhusiwa kesho yake kama ngozi haijachubuka; krimu ya kurekebisha rangi yenye ukijani huficha wekundu vizuri, na yenye unjano huficha uzambarau. Vigaga vidogo vikitokea, usivibandue. Retinoidi na asidi zirudi baada ya wiki moja, ngozi ikiwa tulivu.

Usisubiri miadi kama utaona malengelenge, ngozi ya kijivu, usaha, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au kigaga kinene cheusi. Jicho linalouma au kuona ukungu ni dharura ya siku hiyohiyo.

Madoa meusi yakijitokeza wiki ya tatu au ya nne, usiyakimbilie kwa leza nyingine wala kwa krimu ya kuchubua. Kinga ya jua, asidi ya azeleki au dawa atakayoandika daktari, na subira ya miezi. Mengi hufifia.

Hatua ya 9: Pima matokeo, kisha amua

Usihukumu kabla ya wiki nne, ikiwezekana sita. Baadhi ya vishipa hupotea palepale vikarudi hafifu. Vingine huonekana vimegoma kisha vikafifia polepole. Nyuzi chache za shavuni huenda zikaisha kwa awamu moja hadi tatu. Wekundu uliotandaa huhitaji zaidi, mara nyingi tatu hadi tano, kila moja ikiachana na nyingine kwa wiki tatu hadi sita. Mbawa za pua ni sumbufu kuliko zote, na vishipa vyake hurudi upesi.

Linganisha picha mwangani mwa dirisha lilelile. Lengo la busara ni uso ulio mtulivu zaidi na nyuzi chache zaidi, si ngozi ya tangazo. Kama baada ya awamu mbili hakuna tofauti hata kidogo, mwambie daktari arudie hatua ya kwanza: huenda chanzo kilikosewa, au mashine haifiki kina cha vishipa vyako. Kuongeza nguvu tu bila kuuliza hivyo ndiko kunakozaa makovu. Na kama ni uzi mmoja au miwili iliyobaki puani, sindano nyembamba ya umeme inaweza kuimaliza bila leza kabisa, japo nayo huacha alama ikitumiwa ovyo.

Mwenye rosasea ajipangie bajeti ya kurudi, kwa wengi mara moja kwa mwaka au miaka miwili, kwa sababu ugonjwa wenyewe unaendelea.

Kila awamu ikiisha, omba nakala ya maandishi: jina la mashine, urefu wa wimbi, nguvu kwa kila sentimita mraba, muda wa mpigo na upana wa kichwa. Ukihamia kliniki nyingine, mkabidhi mtaalamu mpya karatasi hiyo kabla hajawasha mashine, pamoja na picha zako, na umwonyeshe mahali palipowahi kupata lengelenge au doa.